Kabla ya kumwita malkia mzinzi, simulieni alivyoozwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala yenu ya Jumapili iliyohusu malkia wa Ulaya walioponzwa na mapenzi. Wengine mliowataja siwajui vya kutosha, nawaachia wanaowajua. Ila huyu Caroline Mathilde wa Denmark namjua, na mistari michache mliyompa imeniuma. Mmeandika kwamba alikuwa binti wa kifalme kutoka Uingereza, akaolewa na mfalme mwendawazimu, akazini na daktari wa mumewe, daktari akakatwa kichwa, naye akafukuzwa nchini. Hapo hamkusema uongo. Mlichoacha ni umri wake siku ya ndoa, na majina ya watu wazima waliomwoza.

Nimefanya uuguzi katika wodi za wagonjwa wa akili tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Habari za malkia huyu nilizikuta Denmark kwenyewe, nilipopelekwa mafunzoni pamoja na wauguzi wenzangu. Wenyeji wetu walitupeleka Helsingør kutembelea ngome ya Kronborg, iliyojengwa pale ambapo mlango wa bahari ni mwembamba kiasi kwamba nyumba za Sweden unaziona upande wa pili. Mwongoza wageni akagusia tu kwamba malkia mmoja aliwahi kufungwa humo akiwa ananyonyesha. Wenzangu wakaendelea na vyumba vingine, mimi nikambana yule mama kwa maswali. Tangu hapo kila maandishi yanayomhusu Caroline Mathilde ninayoweza kuyapata huwa nayasoma.

Alizaliwa London Julai 1751, mtoto wa tisa na kitinda mimba wa Frederick, mrithi wa kiti cha Uingereza. Baba huyo hakumwona, maana alifariki Machi ya mwaka uleule. Mama yao, Augusta, akawalea watoto wake mbali na pilikapilika za ikulu. Babu yao alipofariki mwaka 1760, kaka mkubwa akawa mfalme George wa Tatu, na neno la mwisho juu ya dada zake waolewe na nani likawa lake. Wadenmark walipoleta posa, macho yalikuwa kwanza kwa dada mtu, Louisa Anne, lakini afya yake ilikuwa dhaifu, basi posa ikahamia kwa mdogo. Januari 1765 mfalme alilitangazia Bunge uchumba huo. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa na miaka 13.

Mchumba, Christian, alikuwa mtoto wa shangazi yake. Walikuwa hawajaonana hata siku moja. Balozi wa Uingereza mjini Copenhagen alikuwa amepeleka nyumbani sifa nzuri za kijana huyo, na London ikatosheka nazo. Jambo lilikuwa la dola mbili za Kiprotestanti zilizotaka kushikamana, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuchimba zaidi.

Januari 1766 baba yake Christian akafariki, kijana akawa mfalme akiwa hajatimiza miaka 17, na harusi ikaharakishwa. Tarehe 1 Oktoba 1766, katika jumba la St James's, Caroline alifungishwa ndoa kwa wakili. Aliyesimama mahali pa bwana harusi ni kaka yake mwenyewe, Edward, mwenye cheo cha Duke wa York. Alikuwa na miaka 15. Akasafirishwa hadi bandari ya Harwich, akavushwa bahari mpaka Rotterdam, kisha kwa barabara hadi Altona, mji uliopakana na Hamburg ambao wakati huo ulikuwa wa mfalme wa Denmark. Pale Altona wanawake wote wa Kiingereza waliomsindikiza walirudishwa kwao. Ndiyo ilikuwa desturi: bibi harusi avuke mpaka bila mtu wa nyumbani. Kila nikifika hapo katika kisa chake huwa nasimama. Kwetu mwari hatolewi nyumbani bila somo wala shangazi wa kukaa naye siku za mwanzo. Huyu alikabidhiwa kwa wageni watupu, na lugha yao alikuwa bado anajifunza.

Novemba 8 harusi ikarudiwa Copenhagen, katika jumba la Christiansborg, na bwana harusi mwenyewe akiwepo.

Sasa nizungumze juu ya huyo bwana harusi, maana kumwita mwendawazimu na kumpita ni dhuluma nyingine. Christian alifiwa na mama kabla hajatimiza miaka mitatu. Baba yake alikuwa mlevi. Alilelewa na mwangalizi aitwaye Ditlev Reventlow, mtu aliyempiga mtoto mpaka povu likamtoka kinywani, na aliyekuwa akimpeleka mbele za watu huku akimwita mwanasesere wake. Haya tunayajua kutoka kwa mwalimu wa Kiswisi, Élie Reverdil, aliyefika baadaye kumfundisha mtoto na kuandika alichokiona. Mtoto alikuwa na akili kali, alizungumza lugha kadhaa, na tayari alikuwa ameanza kuugua. Madaktari wa leo wanaosoma kumbukumbu hizo wengi wao hutaja skizofrenia. Mimi simpi jina la ugonjwa mtu ambaye sikumhudumia. Lakini dalili zilizoandikwa nazijua kwa kuzihudumia: kuona visivyoonekana na wengine, hasira za ghafla, kujijeruhi makusudi, kushuku kwamba yeye si mtoto halali wa wazazi wake, kisha siku mbili tatu za utulivu ambazo mgeni akija atasema huyu hana tatizo lolote.

Wazee wa baraza walikuwa na tumaini gani? Kwamba akipata mke atatulia.

Mhariri, maneno hayo nimeyasikia kwa Kisambaa, kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Nimeyasikia kutoka kwa wazazi wanaompenda kijana wao kwa dhati, waliochoka, wasio na la kufanya. "Tumemtafutia mke, muuguzi, atatulia." Namkumbuka binti mmoja aliyekuja siku ya kuona wagonjwa akiwa na mtoto mgongoni na chungu cha wali kichwani. Alikuwa ameolewa miezi mingi bila kuambiwa kwamba mume ana kadi ya kliniki na dawa za kumeza kila siku. Dawa zilikuwa zimefichwa ili yeye asishtuke, na kwa sababu zilifichwa, mgonjwa hakuzimeza. Aliniuliza, "Dada, nimemkosea nini?" Alidhani zile ghadhabu zilisababishwa na upishi wake. Nilikaa naye mpaka jioni nikimweleza ugonjwa wa mumewe, na alipoelewa alikuwa mlezi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona katika ile wodi. Nikisoma barua za Copenhagen za mwaka 1767 ndiye ninayemwona. Tofauti ni kwamba malkia hakupata mtu wa kukaa naye mpaka jioni akimweleza.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa karibu, bibi Louise von Plessen, mkuu wa wanawake wa jumba lake, mama mkali mwenye maadili. Alimlinda kadiri ya ujuzi wake, ingawa wapo wanaosema ushauri wake wa kumzuia mfalme ili atamani zaidi uliongeza baridi. Mwaka 1768 mfalme akamfukuza mama huyo. Christian mwenyewe alikuwa na mwanamke wa mjini, Støvlet-Cathrine, aliyejulikana na Copenhagen nzima, na usiku walikuwa wakizunguka pamoja vilabuni na kupigana na walinzi wa jiji. Januari 1768 malkia alijifungua mtoto wa kiume, Frederick. Alikuwa na miaka 16. Mei mwaka huo mumewe akaondoka kwenda kutembelea Ujerumani, Uingereza na Ufaransa, akakaa huko hadi Januari 1769. Alifika hadi London, kwa shemeji zake, na mke alikuwa ameachwa nyumbani.

Katika safari hiyo ndipo mfalme alipoajiri daktari wa Altona, Johann Friedrich Struensee, Mjerumani aliyezaliwa Halle mwaka 1737, msomaji wa falsafa mpya za Kifaransa. Kitu kimoja alikijua: namna ya kukaa na mgonjwa. Mfalme alitulia mikononi mwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Malkia mwanzoni hakumpenda, alimhesabu kuwa mmoja wa marafiki wabaya wa mumewe. Ni Struensee aliyemhimiza mfalme amtendee mkewe vizuri zaidi. Kisha mwaka 1770 ndui ikatanda Copenhagen, na daktari akamchanja mrithi mdogo kwa njia ya zamani iliyokuwa na hatari zake. Malkia na daktari walikesha kando ya kitanda cha mtoto. Mtoto akapona. Katika majira hayo walikwisha kuwa wapenzi.

Struensee simtetei. Daktari anayemtibu mume hana ruhusa ya kumgusa mke, hata kama mke analia kwa upweke na hata kama anampenda kwa moyo wote. Na daktari hana ruhusa ya kutumia mkono wa mgonjwa wake kuandika sheria. Ndivyo alivyofanya. Desemba 1770 baraza la wazee lilivunjwa, na Julai 1771 alipewa mamlaka ya kutoa amri zenye nguvu kama sahihi ya mfalme. Zikatoka amri zaidi ya elfu moja. Nyingine zilikuwa njema kweli: mateso ya kulazimisha watuhumiwa kukiri yakafutwa, na Septemba 1770 Denmark ikaondoa ukaguzi wa maandishi yote kabla ya kuchapwa, jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imelifanya kwa ukamilifu huo. Ninyi wa magazeti mnapaswa kuikumbuka tarehe hiyo, 14 Septemba. Mnapaswa kukumbuka pia kwamba uhuru huo ulipofika, wino mwingi ulimwagwa juu ya kitanda cha malkia. Vijitabu vya kumtukana viliuzwa mitaani.

Wakati huo yeye alikuwa anaishi, pengine kwa mara ya kwanza. Kiangazi cha 1771 walikaa katika jumba la Hirschholm, kaskazini mwa Copenhagen. Tarehe 7 Julai alijifungua binti, Louise Auguste, na akamnyonyesha mwenyewe, jambo ambalo malkia hawakulifanya. Alipanda farasi kwa kutandaza miguu kama wanaume, amevaa suruali. Watu walishtuka. Mfalme alikuwepo palepale, ametulia, anakula nao meza moja. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, mtoto ni wa nani.

Usiku wa tarehe 16 Januari 1772 kulikuwa na dansi ya vinyago katika ukumbi wa Christiansborg. Alfajiri ya 17, Juliane Marie, mama wa kambo wa mfalme, aliingia na wenzake chumbani kwa Christian, wakamwamsha, wakamtisha, wakampa karatasi za kukamata watu, akasaini. Naomba msomaji aliangalie hilo kwa jicho la muuguzi. Miezi sita kabla, mgonjwa huyohuyo alimsainia Struensee mamlaka yote. Sasa anasaini akamatwe. Aprili ataisaini hukumu ya kifo. Waliompindua daktari kwa kosa la kumtumia mfalme mgonjwa waliendelea kumtumia miaka 12. Baadaye, mwaka 1775, Christian aliandika kwa Kijerumani juu ya mchoro wake maneno haya: ningependa kuwaokoa wote wawili. Wawili hao ni Struensee na rafiki yake Brandt, ambao tarehe 28 Aprili 1772 walikatwa mkono wa kulia, kisha kichwa, kisha miili yao ikagawanywa vipande na kuwekwa juu ya magurudumu. Huyo ndiye mliyemwita mwendawazimu, mkaishia hapo.

Caroline alipelekwa Kronborg asubuhi ileile, na binti yake mchanga mikononi. Mtoto wa kiume alibakizwa Copenhagen. Februari mama yake mzazi, Augusta, alifariki London. Machi wajumbe wa tume walimjia malkia na maungamo ya Struensee, naye akakiri. Alikuwa peke yake na alikuwa na miaka 20. Wakili wake, Peter Uldall, alifanya alichoweza. Tarehe 6 Aprili ndoa ikavunjwa kwa kosa la ugoni wa mke. Juu ya Støvlet-Cathrine hapakuwa na tume wala shahidi.

Na kaka yake, aliyemwoza? Mwaka huohuo George wa Tatu alikuwa ameghadhibishwa na mdogo wake wa kiume aliyeoa mwanamke aliyemchagua mwenyewe. Akalitaka Bunge litunge sheria kwamba asiwepo mzawa wa babu yao anayeoa au kuolewa bila idhini ya mfalme. Sheria hiyo ilikubaliwa tarehe 1 Aprili 1772, siku tano kabla ya talaka ya dada yake. Ilibaki katika vitabu vya Uingereza hadi mwaka 2015. Nimejaribu kumwelewa mfalme huyo, maana nasoma kwamba alikuwa baba mwenye upendo, na kwamba baadaye naye akaugua akili. Ila katika hili siwezi. Ndoa iliyokuwa na idhini yake kamili ndiyo iliyokuwa imelala Kronborg chini ya ulinzi, na yeye alikuwa anatafuta idhini zaidi.

Alitishia kutuma manowari, na hilo lilisaidia. Tarehe 30 Mei 1772 meli za Kiingereza zilimchukua Caroline kutoka Helsingør. Hazikumrudisha kwao. Kaka yake alimweka Celle, katika nchi ya Hanover aliyoitawala huko Ujerumani. Binti yake wa miezi kumi alimwacha ngomeni kwa sheria ya Denmark, kwa kuwa mtoto alitambuliwa kuwa wa mfalme. Hakumwona tena, wala Frederick. Pale Celle walimpenda. Aliwasaidia maskini, alicheza na watoto wa watu. Mwingereza Nathaniel Wraxall na wenzake walikuwa wanapanga kumrudisha kwenye kiti kwa mapinduzi mengine, na mipango ilikuwa inaendelea alipougua homa ile ya koo na vipele vyekundu ambayo sisi wauguzi tunaikuta zaidi kwa watoto. Alifariki 10 Mei 1775. Alikuwa na miaka 23.

Alizikwa kaburini chini ya kanisa la mjini Celle, na hapo alikuwa amemkuta mama wa babu yake, Sophia Dorothea, aliyeozwa kwa binamu yake akiwa na miaka 16, akatalikiwa mwaka 1694 kwa sababu ya mwanamume mwingine, akafungiwa katika jumba la Ahlden zaidi ya miaka 30 hadi kufa, bila kuwaona tena watoto wake. Ukoo mmoja, kosa lilelile la wakubwa, na miaka 80 katikati. Waliomwoza Caroline walikuwa wanakijua kisa cha bibi huyo. Kilikuwa cha nyumbani kwao.

Mtoto wake Frederick alikua. Aprili 1784, akiwa na miaka 16, aliingia barazani na karatasi, baba yake akaisaini, na kundi la Juliane Marie likatoka madarakani. Chini yake wakulima wa Denmark waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana walifunguliwa mwaka 1788, na mwaka 1792 ikatolewa amri ya kukomesha biashara ya watumwa katika meli za Denmark, iliyoanza kutumika 1803. Louise Auguste naye akaolewa, akazaa, na kitukuu chake Augusta Victoria ndiye aliyekuwa mke wa Kaiser Wilhelm wa Pili, yule ambaye bendera yake ilipepea hapa Tanga. Wajerumani waliotutawala walimheshimu sana Augusta huyo. Sidhani walipenda kukumbushwa juu ya daktari wa Altona.

Nawaomba, basi, mkirudia makala hiyo, muandike kwamba aliozwa akiwa na miaka 15 kwa mtu asiyemjua. Muandike kwamba mumewe alikuwa mgonjwa na kwamba hakuna aliyemwambia. Mtaje mfalme George wa Tatu, mtaje mama yao Augusta, mtaje mawaziri wa Copenhagen waliotarajia msichana awe dawa. Struensee mtajeni pia, kwa makosa yake yote. Na picha mliyoweka ni ya mwigizaji. Jens Juel, mchoraji wa Denmark wa enzi zile, alimchora akiwa hai, na mchoro huo upo. Wekeni huo, wasomaji waone umri wake usoni.

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Korogwe, Tanga